Miwani ya Boksi na Safari ya Mtu Mmoja

Hapo zamani, na wala si zamani ya mababu, ni zamani ya mwaka juzi tu, shule ya msingi ya Usongelani ililetewa miwani kumi ya boksi. Ni karatasi ngumu iliyokunjwa ikatiwa lenzi mbili. Unachomeka simu ndani, unaweka machoni, unageuza shingo, na Mlima Kilimanjaro huo hapo mbele yako. Bei ya moja haimfikii jogoo mwenye afya.

Mwalimu mkuu, Mwalimu Kapalata, aliipokea kwa mikono miwili, akapigwa picha nayo, kisha akaifungia kabatini.

"Hii ni ya siku ya mgeni rasmi," alisema. "Watoto wataichafua. Akiba haiozi."

Hapo alisema kweli. Mtu gani mwenye akili timamu humpa mwanafunzi kifaa cha kujifunzia?

Basi Mwalimu Pili, aliyefundisha maarifa ya jamii darasa la sita, akaifundisha miwani bila miwani. Aliichora ubaoni: upana wake, urefu wake, lenzi inakaa mbali kiasi gani na simu, pua inapita wapi. Watoto wakaimba vipimo hivyo asubuhi na mchana. Kila Jumatatu wakauliza, "Mwalimu, leo tunavaa?" Kila Jumatatu akajibu, "Mgeni hajaja."

Ufunguo wa pili wa lile kabati, ambao mkuu alidhani umepotea, alikuwa nao yeye mkobani. Kila Jumatatu aliugusa, na kila Jumatatu aliuacha, maana mkuu ni mkuu. Tena yeye mwenyewe alikuwa na hamu kuwapita watoto. Alikuwa ameufundisha Mlima Kilimanjaro miaka kumi na tisa, hajawahi kuutia machoni. Mtoto mmoja aliwahi kumwuliza, "Mwalimu, wewe ulishafika?" Akajibu, "Ndiyo," akageukia ubao haraka. Aibu ya uongo ule haikumtoka.

Hatimaye mgeni akaahidi kuja, Ijumaa, saa nne. Saa moja asubuhi mkuu akafungua kabati. Akiba haiozi, na kweli haikuoza. Ililiwa. Mchwa walikuwa wamekula miwani yote kumi, wakabakiza lenzi na udongo. Katika shule nzima ya Usongelani, mchwa peke yao ndio waliokuwa wamefaidi elimu ya kisasa.

"Tumekwisha," alisema mkuu, akakaa kitini. Hiyo ndiyo kazi aliyoifanya asubuhi ile.

Nyamizi, msichana wa darasa la sita, alikuwa na zamu ya kufagia ofisi. Aliweka ufagio chini.

"Shikamoo, mwalimu. Vipimo mimi ninavijua."

Akaokota lenzi mbili, akazisafisha kwa maji na sabuni. Akachukua boksi la chaki na wembe, akaanza kukata huku akiimba vipimo kwa sauti ya chini. Miwani yenyewe hakuwahi kuishika hata mara moja. Wembe ukamkata kidole, akakifunga kwa kitambaa, akaendelea. Kabla ya saa tatu miwani moja ilikuwa tayari.

Sasa simu. Simu ya mkuu ilikuwa kitochi cha vitufe. Ya Mwalimu Pili ilikuwa imepasuka kioo. Simu ya maana alikuwa nayo mlinzi, Mzee Kasanda, aliyetumiwa simu hiyo na bintiye anayefanya kazi za ndani huko Omani. Binti yule aliruhusiwa kupiga nyumbani mara moja kwa mwezi, Ijumaa ya kwanza, kuanzia saa nne hadi saa nne na nusu. Nayo siku ile ilikuwa Ijumaa ya kwanza.

"Mzee wangu," alisema Mwalimu Pili baada ya kumsaidia kuingiza picha ya mlima simuni, "simu ikiita katikati ya somo, mlima unapotea. Itabidi tuzime mtandao."

Mzee Kasanda akaifuta simu yake kioo kwa shati. "Chukua, mwanangu. Mwezi ujao si mbali."

Alisema hivyo, lakini vidole havikuiachia simu upesi, na Mwalimu Pili aliliona hilo. Akaichukua hivyo hivyo.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni akaja, na somo likafana ajabu. Watoto sitini na mmoja wakapokezana miwani moja. Mmoja akapiga kelele, "Jamani, barafu!" akanyoosha mkono aishike, akaishika tai ya mgeni rasmi. Mgeni akacheka, naye akaivaa. Alikaa nayo dakika kumi, foleni ya watoto ikimsubiri kwa heshima zote.

Akasimama kuhutubia. "Nimefurahi sana! Nawapa safari ya kwenda kuuona mlima wenyewe. Nafasi ni moja. Nyingine tano zimechukuliwa na kamati ya kuandaa safari. Mwalimu Pili, wewe ndiye uliyefundisha. Jaza jina hapa. Nikimaliza kula, naondoka."

Mgeni akaelekea kwenye kuku, na ofisini maneno yakaanza.

"Niandike mimi," alisema mkuu. "Bila barua yangu ya kuomba kusingekuwa na miwani, wala lenzi, wala mgeni. Mchwa sikuwaita mimi."

Nyamizi alisema huku ameinamisha uso. "Mwalimu, ninyi mlikuwa nayo kumi ikaisha yote. Mimi sikuwa na hata moja, nikatengeneza."

Mzee Kasanda alikuwa amewasha mtandao, ujumbe umeingia. Akausoma kwa sauti: "'Baba, nimepiga mara nne. U mzima kweli?' Na sasa yeye hapatikani mpaka mwezi ujao. Nyote mmetoa kazi. Mimi nimetoa sauti ya mwanangu. Safari hiyo hainirudishii, lakini msiseme Kasanda aliazimisha simu tu."

Moyo wa Mwalimu Pili ulikuwa ukipiga kelele kuliko wote. Wimbo wa vipimo nani aliutunga? Miaka kumi na tisa nani aliuchora mlima kwa chaki? Nafasi hii ikipita, haji kupata nyingine, na uongo wake atastaafu nao. Halafu akaukumbuka ule ufunguo, ambao hakuna aliyeutaja kwa kuwa hakuna aliyejua. Angefungua kabati Jumatatu moja tu, mchwa wangeonekana mapema, na mzee wa watu angeongea na bintiye.

Kalamu aliishika, karatasi iko mbele yake, na mgeni anatafuna mfupa wa mwisho.

Haya, ninyi mnaojua kuhukumu mkiwa mmekaa, nisaidieni. Mstari ni mmoja na jina ni moja. Je, nani alistahili kuandikwa: aliyeomba, aliyekata, aliyeikosa sauti ya mwanawe, au aliyefundisha? Semeni upesi, dereva ameshawasha gari.