Mkeka wa Bi Mwanahawa

Hapo zamani, tena si zamani sana, msinitazame hivyo, Bi Mwanahawa msuka mikeka aliingizwa chumba cha upasuaji, kidole tumbo kimepasuka. Wa kumlaza usingizi alikuwa Mwasiti. Akaagiza dawa ya kulegeza misuli, ile inayodumu dakika chache au ile ya nusu saa.

Mhando wa stoo akasema, "Zote nimezimwaga, dada. Nimetoka likizo nikakuta friji limezima, sijui tangu lini. Imebaki hii inayovumilia joto. Ila ni ya saa nzima na zaidi."

"Na misuli ikilegea, pumzi nayo inakatika," Mwasiti akanung'unika. "Haya, lete."

Akamlaza, akamchoma, akapitisha mpira kooni, akaanza kubinya mfuko wa hewa kwa mkono, maana mashine hawakuwa nayo. Daktari Semboja akapasua, akaosha, akashona. Dakika ishirini tu! Mkono wa yule bwana, mashallah.

"Toa mpira," akasema. "Nje kuna mtu mguu umevunjika, nataka meza."

"Sitoi."

"Mwasiti!"

"Wewe umemaliza, dawa haijamaliza. Nikiutoa anakufa. Kamwite mganga mkuu ukitaka, sitoi!"

Akabinya. Daktari akafoka, akabinya. Vidole vikafa ganzi, akabinya. Akamwongezea usingizi, kwani kuzinduka huku huwezi hata kufumbua jicho ni balaa, akabinya. Ikapita saa nzima na robo. Ndipo kidevu kikacheza, kifua kikapanda chenyewe, na Mwasiti akalia mbele ya watu bila haya.

Bi Mwanahawa akapona. Akasuka mkeka wa ukindu miezi minne, akautandika mbele ya wale watatu. "Ni wa aliyeniokoa. Mmoja tu. Siukati."

Semboja akasema, "Usaha niliutoa mimi. Bila kisu changu mngembinyia hewa mpaka kesho, bure. Na yule wa mguu aliyesubiri, leo anachechemea. Kwa sababu ya nani?"

Mhando akasema, "Ningenyamaza, mngemchoma dawa iliyokufa. Nimesema kweli, nikapewa barua ya onyo kwa dawa zilizoharibika."

Mwasiti akasimama. "Mimi sikuomba mkeka. Lakini mkimpa aliyeniamuru nitoe mpira, mtapita juu yangu hapa mlangoni."

Haya, jibuni kwa sauti, maana huyo anayechechemea amekaa hapo nyuma yenu: je, nani alistahili mkeka?