Sahihi za Msibani

Hapo zamani, zamani ambayo mabango yake bado hayajabanduka ukutani, alikuwako daktari wa mifugo jina lake Wakesho. Vyama hakuvitaka, navyo havikumtaka. Basi akaamua kuwania ubunge wa Kighombo akiwa mgombea huru. Uhuru huo nao una masharti: alete sahihi elfu moja za wapiga kura wa jimbo lile, wasio na chama chochote, kabla ya saa kumi alasiri siku ya mwisho.

Mjomba wake, Mwakio, akachukua fomu. Akapanda kilima, akashuka kilima, akapanda tena. Akarudi na malengelenge miguuni na majina elfu moja kamili. Wakesho alimshukuru mpaka akaishiwa maneno.

Asubuhi ya siku ya mwisho, rafiki yake Mkawasi, mwalimu mstaafu, akayapitia majina moja moja.

“Mjomba, hawa arobaini na watatu si wapiga kura wa huku. Ni wageni wa mazishi ya juzi.”

“Walitia sahihi wenyewe.”

“Walidhani ni kitabu cha rambirambi.”

“Mbona waliandika na namba za vitambulisho?”

“Msibani nani hubishana na wafiwa?”

Mwakio akanuna. “Basi nyamaza, Mwalimu. Nani atajua?”

“Maofisa wa uchaguzi watajua, na binti wa dada yako ndiye atakayefukuzwa mlangoni.”

Wakesho akashika kalamu, akayafuta majina yale yote. Saa sita ilikuwa imepita.

Kijiji hakina siri. Habari zikamfikia Nyambu, kiongozi wa kwaya na mpiga debe mkuu wa mpinzani wa Wakesho. Angeweza kucheka tu akaenda zake. Badala yake alisimamisha mazoezi.

“Nani hapa hana chama?” akawauliza waimbaji wake. “Mimi ninacho, siwezi kumtilia sahihi. Lakini mama huyu nataka tumshinde kwa kura, si kwa karatasi.”

Wakajitokeza hamsini, na Mkawasi akawahakiki wote. Saa kumi kasorobo fomu zikapokelewa. Wakesho akaketi kwenye ngazi za ofisi ya uchaguzi, akavua viatu, akacheka huku machozi yanamtoka. Alifurahi kama mtu aliyetua mzigo wa kuni.

Kesho yake akachinja mbuzi. Kwao, kidari cha mbuzi wa shukrani hupewa mtu mmoja, yule aliyekutoa taabani, na kukigawa ni kumtukana kila anayepewa.

Mwakio akasema, “Mwanangu, mia tisa hamsini na saba zilizosimama ni za miguu yangu. Hao wengine walijazia tu.”

Mkawasi akasema, “Miguu yako ndiyo iliyotupeleka msibani, Mjomba. Bila macho yangu, hata hizo zako zingerudishwa.”

Nyambu akajifuta jasho, akasema, “Nyinyi ni watu wake, mlifanya yenu. Mimi nilimwokoa nikiwa upande wa pili, na chama changu kimeninunia. Na kura yangu, daktari, huipati.”

Watu wakaangua kicheko. Wakesho naye akacheka, lakini kisu kilikuwa mkononi na nyama ilikuwa inapoa. Akamtazama mjomba, akamtazama rafiki, akamtazama mpinzani.

Haya, nyinyi mnaosikiliza mkimeza mate, semeni: kidari kile, nani alistahili kukila?