Wiki Sita za Corinne

Wahenga waliposema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, wapo wanaodhani walikuwa wachoyo. La hasha! Mgeni asiyepewa kazi hubaki mgeni, na ugeni huchosha pande zote mbili. Darrell Hruska, fundi wa nyuzio za mbao huko Nebraska, aliujua ukweli huo akiwa hoi.

Alipoachana na mkewe Janelle, mahakama ilimpa mama mtoto, naye Darrell akapewa wiki sita za kila kiangazi. Janelle akahamia jimbo la Oregon. Basi binti yao Corinne, wa miaka kumi na mmoja, aliposhuka ndegeni mwezi wa Juni, babake alikuwa ameshachukua likizo na kubandika ratiba kwenye friji: bembea za mashine kwenye maonyesho, bwawa la kuogelea, bustani ya wanyama, sinema, piza, kisha bembea tena. Akamkirimu mwanawe kama mkwe mpya. Mtoto alisema "asante" kwa kila kitu, na hata maji ya kunywa aliyaombea ruhusa.

Siku ya tisa Janelle alipiga simu.

"Darrell, mtoto anataka kurudi Ijumaa."

"Kurudi? Nimemkosea nini? Jana tu nimempandisha bembea mara saba, mpaka nikatapika mimi!"

"Hajasema umemkosea. Amechoka. Anasema kwako ni kama hotelini. Nimkatie tiketi?"

Darrell alijua Corinne akiondoka Ijumaa, kiangazi kijacho hatakuja kabisa.

"Nipe mpaka kesho," alisema.

Asubuhi ratiba ilidai waende bwawani. Darrell alijaribu kuinuka kitini, mwili ukakataa. Sinki lilikuwa limefurika vyombo. Corinne alisimama mlangoni na taulo begani, macho yamemvimba kwa uchovu.

"Baba, ni lazima twende?"

"Hatuendi popote! Nimechoka, Corinne, nimechoka tiki! Hebu osha hivyo vyombo, halafu ufagie jikoni. Nyumba hii si yangu peke yangu!"

Maneno yalimponyoka kabla hajayapima. Akafumba macho, akijua amekwisha kuharibu.

"Sabuni iko wapi?" Corinne aliuliza.

Alipomaliza vyombo alianza kufungua kabati moja baada ya jingine, bila kumwomba mtu ruhusa.

"We baba! Nani anaweka misumari kwenye bakuli la sukari?"

"Mwenye nyumba."

"Basi mwenye nyumba hana akili."

Darrell alicheka mpaka akakohoa. Mchana walitoka kupaka rangi uzio wa nyuma, uliokuwa ukisubiri tangu majira ya baridi. Hawakuzungumza mengi. Corinne alimgombeza kila rangi ilipodondoka, naye akakubali kugombezwa.

Walikuwa bado kazini Janelle alipopiga tena. Corinne alipokea kwa mkono uliotapakaa rangi.

"Ijumaa? Aa, mama, Ijumaa siwezi. Upande wa kushoto haujaguswa, na huyu baba nikimwachia ataharibu kila kitu. Sisi tuna kazi huku nyumbani."

Darrell aliketi juu ya ndoo, akageuza uso ili mtoto asione machozi. Ama kweli, mgeni siku mbili; siku ya tatu mpe jembe.