Kisiwa Kilichoitwa Kule

Hapo zamani, na nikisema zamani msidhani nazungumzia wafalme na majini. Nazungumzia zamani ya juzi, ya boti za dizeli na miwani ya jua. Kulikuwa na visiwa saba vilivyotoka baharini kwa moto. Vilikuwa mbali sana, siku mbili kutoka bara, na wageni wengi walitapika njia nzima. Ndiko kwetu. Mimi sijisifu, lakini sijaona watu wengine wanaopanda mihogo juu ya mlima unaotoa moshi, kisha wanaenda kulala usingizi mzito.

Visiwa sita vilikuwa na majina. Cha saba nacho kilikuwa na jina, mpaka mlima wake ulipopasuka. Moto ulishuka hadi baharini, watu wakahamishwa kwa mashua, kisiwa kikabaki jivu tupu. Na mila yetu ni hii: kisiwa kikifa, jina lake halitamkwi tena. Tukakiita Kule, basi. Siku uhai utakaporudi, mtu mmoja atakipa jina, yule aliyekirudisha kwa watu. Mmoja, si wawili. Tena alitamke kabla makinda wa kwanza wa ndege wa huko hawajaruka. Wakiruka kabla ya jina, kitabaki Kule mpaka mlima uwake tena, na hakuna ajuaye ni lini.

Miaka arobaini na moja ikapita. Hata mjusi hakuonekana.

Basi kulikuwa na boti ya watalii iliyoitwa Fahari. Iliwazungusha wageni kumi na wawili kwa siku tatu: leo kasa, kesho pomboo, keshokutwa nyangumi, halafu kwaherini. Ndani yake walikuwamo watu watatu wa kwetu.

Wa kwanza ni Nahodha Shekue. Baba yake ndiye aliyeendesha mashua siku ya moto. Alikwenda mara ya kwanza, akaleta watu. Akaenda mara ya pili, akaleta watu. Akaenda mara ya tatu, hakurudi.

Wa pili ni Bi Mwanatumu, mpishi. Alizaliwa Kule, akatolewa katika ile safari ya pili, ana miaka tisa, kashika kijiko cha mama yake mkononi. Kijiko hicho alikuwa nacho bado, na ndicho alichopakulia wali.

Wa tatu ni Hidaya, mwongoza watalii, binti wa miaka ishirini na sita. Alikwenda bara kusomea wanyama na ndege, akamaliza, akarudi nyumbani. Wenzake wengi wakienda hawarudi, kwa hiyo sisi tulimpenda kabla hata hajafungua mdomo.

Siku ya tatu nyangumi aliibuka upande wa kulia na mtoto wake. Wageni wote wakakimbilia kulia, na Hidaya pamoja nao akiwaeleza. Upande wa kushoto akabaki Bi Mwanatumu peke yake, akipara samaki na kutupa matumbo na visamaki vidogo baharini, na membe, wale ndege wa baharini, wakigombania. Membe akadaka, akameza. Mwingine akadaka, akameza. Akaja mmoja mwenye kishungi kichwani, akadaka kisamaki kizima, hakumeza. Akakibeba mdomoni, akaruka kuelekea kusini. Akaja wa pili mwenye kishungi, akabeba, akaenda kusini. Akaja wa tatu, akabeba, akaenda kusini. Na kusini hakukuwa na kitu ila Kule.

Bi Mwanatumu akapanda kwa nahodha, kisu bado mkononi.

"Nahodha, geuza boti."

"Dada Mwanatumu, wali wako unaungua."

"Na uungue. Ndege mwenye njaa angemeza. Wale wanabeba. Wana watoto, na watoto wako Kule."

Nahodha alimtazama yeye, kisha akatazama kusini. Alikuwa ameapa hatapita maji yale maisha yake yote. Wali uliungua kweli, harufu ikajaa boti nzima, na nahodha akageuza usukani.

Sasa sikilizeni kazi ya huyu bwana. Moto ulipomwagika baharini ulibadilisha kila kitu chini ya maji. Ramani ya zamani ilikuwa ya kufungia vitumbua. Mlima ambao mabaharia waliulenga ulikuwa umepoteza kilele. Nahodha akapunguza mwendo hadi boti ikatambaa, akatoa bildi, ile kamba yenye kizito cha risasi ya kupimia kina. Akatupa bildi: pima tisa. Akatupa bildi: pima sita. Akatupa bildi: pima mbili, na mwamba mweusi ukaonekana chini kwa macho. Akarudi nyuma, akajaribu kushoto. Pima tisa, pima sita, pima mbili. Akarudi nyuma, akajaribu kulia. Mara kumi na saba alirudi nyuma. Ya kumi na nane ilikuwa pima tisa, kisha tisa, kisha tisa, na Fahari ikapita bila kukwaruzwa rangi. Nionyesheni nahodha mwingine aliyefanya hivyo, nami nitakula kofia yangu na uzi wake.

Wakafika. Pwani nyeusi, na juu yake ndege weupe kwa maelfu. Wageni wakasongamana ukingoni mwa boti, hata yule aliyelalamikia chai tangu siku ya kwanza. Kimashua cha mpira kikashushwa, wakaingia watu wetu watatu, wageni wakabaki juu.

Kwetu sisi, mtu akifika mahali alipopotelea mzazi wake, hushuka, huinama, hugusa udongo kwa kipaji cha uso. Hakuna anayefundishwa, ni jambo la damu. Nahodha alikuwa ameshatoa mguu mmoja nje, machozi yamemjaa, Hidaya alipomdaka mkanda wa suruali akamvuta. Nahodha mzima akaanguka chali ndani ya kimashua, mbele ya wageni kumi na wawili.

"Nisamehe, Baba Nahodha. Hapa hashuki mtu."

"Una wazimu wewe? Hapo ndipo alipobaki baba yangu."

"Litazame jivu."

Akatazama, hakuona kitu. Akatazama tena, jivu likasogea. Yalikuwa mayai na makinda, rangi moja na jivu, hakuna kiota wala jani, hakuna pa kuweka hata kisigino.

"Ukikanyaga, umeua," alisema Hidaya. "Na mama zao wakiruka kwa hofu, jua hili la saa sita litawaunguza wadogo juu ya jivu jeusi. Wakipoteza watoto mwaka huu, hawarudi tena."

Bi Mwanatumu alikuwa mbele kabisa. Kutoka miguu yake mpaka ardhi alikozaliwa hazikufika hatua mbili. Alilia wazi, bila kujificha. Kisha akasema, "Rudisheni nyuma, taratibu." Wakarudi nyuma, taratibu. Hapo ndipo ninapojivunia kuzaliwa kwetu, nawaambia ukweli.

Hidaya akachukua darubini, akawakagua makinda wakubwa. "Siku tatu," akasema. "Zikiisha, watakuwa hewani."

Ndipo maneno yalipoanza.

"Jina nitatoa mimi," alisema Nahodha Shekue. "Kuwaona ndege si kufika. Mwambieni mpishi apite ule mwamba kwa kijiko. Baba yangu hana kaburi, kisiwa kile ndicho kaburi lake. Nitakiita Bwanakheri, kama alivyoitwa yeye."

"Nitatoa mimi," alisema Bi Mwanatumu. "Bila mimi ungekuwa unawaonyesha wageni mkia wa nyangumi mpaka sasa. Nami sitaki jina jipya. Nataka lile la zamani, nililolisema kila asubuhi nikienda madrasa. Tulikuwa watu mia tatu, tunaolikumbuka bado ni kumi na mmoja. Tukifa sisi, nani atalijua?"

Jina hilo mimi nalijua, marehemu bibi yangu alininong'oneza. Lakini sina ruhusa ya kulitamka, msinitazame.

"Nitatoa mimi," alisema Hidaya. "Wewe Bi Mwanatumu ulikiona, wewe Nahodha ukakifikia, na nyote wawili nusura mkiue mara ya pili. Nitakiita Makinda. Atakayekuja na saruji yake kujenga hoteli ajue kwa jina lenyewe kwamba kina wenyewe."

"Mwanangu," alisema nahodha, "wewe hukupoteza kitu Kule."

"Ndiyo maana niliweza kuliona jivu."

Boti ikarudi gatini, habari ikaenea. Visiwa sita vikagawanyika. Kila aliyezama baharini alikuwa na jamaa, nao wakasimama na nahodha. Waliohamishwa Kule na wajukuu wao wakasimama na mpishi. Walimu na wanafunzi wao wakasimama na Hidaya. Siku moja wakabishana. Siku ya pili wakabishana, mpaka ndoa mbili zikatetereka. Siku ya tatu Nahodha Shekue akawasha Fahari, akapakia watu badala ya watalii, akapita njia yake ya pima tisa, akatia nanga mbali kidogo na pwani nyeusi.

Wakasimama wote watatu mbele ya boti, bega kwa bega. Kila mmoja ana jina mdomoni, na kila mmoja amefumba mdomo, kwa sababu mila inataka sauti moja tu, na watu wa visiwa ndio waseme ni ipi. Hidaya akampa Bi Mwanatumu darubini. Bi Mwanatumu akatazama, akampa nahodha. Pale ukingoni, kinda mmoja alikuwa amesimama, mabawa ameyafungua, upepo unamnyanyua na kumrudisha.

Aliyeona, aliyefikisha, aliyezuia. Jina la waliohama, jina la aliyekufa, jina la wanaoishi. Haya, ninyi mnaonisikiliza mmekaa tu, mko ndani ya boti ile sasa hivi. Je, nani alistahili kutamka? Semeni upesi, maana miguu ya yule kinda imeshaacha jivu.