Lita Moja ya Bi Tupokigwe

Tajiri Mwakifuna alikuwa mnunuzi pekee wa maziwa bonde zima. Siku moja alimshtaki Bi Tupokigwe, katibu wa chama cha wafugaji, kwa afisa biashara.

"Wamepatana bei moja," alilalamika. "Hiyo ni njama dhidi ya soko huria. Kila mtu auze peke yake."

Afisa, ambaye chai yake ilitiwa maziwa ya tajiri huyohuyo, alikubali na kukivunja chama.

"Sisi tunatii sheria, baba," alisema Tupokigwe. "Tuandikie basi. Mfugaji asijue bei ya mwenzake kabla hajauza?"

"Asijue."

"Hata kwa kuambiwa na mtu mwingine?"

"Na yeyote yule," tajiri alidakia. "Andika, upige muhuri."

Kesho yake gari la tajiri lilianzia kwa Tupokigwe. Alimuuzia lita moja kwa bei aliyoitaka tajiri, bila kubisha. Tajiri alicheka hadi nyumba ya pili.

"Bei usiitaje," alisema mwenye nyumba hiyo, Mzee Mwaisaka, nakala ya amri yenye muhuri mkononi. "Umetoka kwa Tupokigwe. Bei yako ni moja kwa wote; ukinitajia, nitakuwa nimejua ya kwake. Lete mnunuzi mwingine."

"Mwingine hayupo."

"Pole sana."

Nyumba arobaini zilimjibu vivyo hivyo, kisha zikagandisha mtindi. Mchana tajiri alirudi ofisini na lita yake moja, akaomba chama kirudishwe.

"Kwani wamekufanya nini?" afisa aliuliza.

Tupokigwe, aliyemfuata tajiri hadi ofisini, alimjibia. "Anasema tukiwa mmoja mmoja tunamwonea."