Ngozi ya Jina Moja

Hapo zamani, na msiniulize zamani ipi, maana umeme ulikuwapo na ulikuwa ukikatika vilevile, paliishi Mwanza mama mmoja aitwaye Misoji. Kazi yake ilikuwa kujalidi vitabu. Miaka thelathini alishona kurasa, akapaka gundi, akavivika majalada vitabu vya watu, mpaka ncha za vidole vyake zikawa ngumu kama kwato. Kitabu alichokitaka yeye kilikuwa kimoja tu: daftari la marehemu baba yake. Alilijalidi kwa mkono wake akasema, "Nikistaafu nitalisoma."

Akastaafu. Akalifungua. Wino umepauka, macho yamefifia, na daktari akamwambia wazi kwamba baada ya miaka miwili hataona tena. Watoto wake watatu wakasema, "Mama, tukusomee." Akakataa. "Maneno ya baba yangu nitayasoma mwenyewe." Aliumia, jamani, aliumia sana.

Alikuwa amebakiwa na kipande kimoja cha ngozi. Akasema, "Atakayenirudisha kwenye kusoma, jina lake nitalichapa kwa dhahabu juu ya ngozi hii. Jina moja. La pili halienei."

Masalu, kifungua mimba, hakungoja. Aliuza pikipiki iliyokuwa ikimlisha, akaleta kishikwambi kinachong'aa. Mama akaketi nacho mlangoni penye jua, mahali pake pa siku zote, akauona kiooni uso wake mwenyewe badala ya herufi. Akagusa kioo, kioo hakikumsikia. Vidole vile! "Kizuri, mwanangu," akasema, akakiweka kabatini. Nyinyi mnaijua hiyo "kizuri" ya mama.

Limi, wa pili, hakuwa na hata nauli. Siku saba alikaa karibu na mama akimtazama: anaketi wapi, anashika kwa mkono upi, herufi ya ukubwa gani inamshinda. Siku ya nane akasema, "Kaka, kiuze hicho. Tafuta kifaa cha kusomea vitabu tu, kisichometameta juani. Herufi zake ziweze kukuzwa. Kiwe chepesi, mkono wa mama unauma. Chaji ikae wiki kadhaa. Na kiwe na vitufe vya kufungulia kurasa, maana vidole vya mama kioo hakivijui."

Masalu akakiuza, akaongeza na redio yake juu, akakipata kifaa hicho.

Kikaja, ndani kitupu. Daftari la babu litaingiaje humo? Ndipo Ng'wandu, kitinda mimba, akaketi na daftari lile masika yote. Alichapa kwa vidole viwili, kwenye kompyuta ya kuazima, kurasa mia tatu, akikodolea macho kila neno lililopauka mpaka machozi yakamtoka. Masika yalipokwisha, maneno yote yalikuwa yameingia kifaani, naye alikuwa amevaa miwani.

Mama akaketi mlangoni. Akabonyeza. Akasoma kwa sauti: "Leo amezaliwa Misoji. Mvua imenyesha. Nimecheka peke yangu njiani."

Akalia. Akacheka. Akabonyeza tena.

Alipomaliza, akaishona ngozi ile iwe ala ya kifaa, akapasha moto herufi zake za chuma za kuchapia dhahabu. Watoto wakasimama mbele yake.

Masalu akasema, "Mama, mimi sasa natembea kwa miguu. Bila mimi, Limi angechagua kwa fedha gani, na Ng'wandu angeingiza wapi?"

Limi akasema, "Pikipiki yako, kaka, ilinunua kioo cha kujitazamia. Aliyemtazama mama ni mimi."

Ng'wandu akavua miwani, akaifuta. "Hamkumwona alipolia? Hakulilia pikipiki, wala vitufe. Alililia maneno, na maneno nimeyatoa kwenye macho yangu."

Mama akawatazama, mmoja mmoja, kwa macho yale yaliyobaki. Akanyanyua chuma.

Mkono wake ungali juu. Chuma kikipoa, dhahabu haishiki, na macho yale hayangoji mabishano yenu. Haya, nyinyi mliokaa kimya tangu nianze, mwambieni: achape jina la nani?