Saa ya Mzee Shekiondo

Ti, ti, ti, ti. Umeme ulikuwa umekatika mara tu tulipomaliza kula, na katika giza lile kitu pekee kilichosikika ni ile saa kuukuu ya mkono iliyokaa juu ya kabati la vyombo. Nikapapasa kiberiti, nikawasha mshumaa. Binti yangu Kudra alikuwa bado amevuta mdomo.

"Kila siku Himidi," alisema. "Himidi kanunuliwa viatu. Mimi nimenunuliwa nini?"

"Vyako bado vizima, mwanangu."

"Lakini vyake vinang'aa!"

Viatu vipya ambavyo kaka yake alishinda navyo shuleni vilikuwa mlangoni, na mwenyewe ameketi mkekani, kisigino amekishika kwa kiganja. Mama mkwe wangu, Bi Hidaya, alikuwa anasuka ukili. Vidole vyake havihitaji taa.

"Jicho la kijicho halisomi saa," akasema.

Kudra akasahau kununa. "Ndiyo nini hiyo, bibi? Kwani jicho linajua kusoma?"

"Na kijicho ni jicho dogo?" akauliza Himidi.

"Dogo, lakini likifumbuka yale makubwa mawili hayaoni kitu. Sogeeni. Methali hii ilianza hivi."

Bibi akavuta ukili wake, akasimulia.

Babu yangu, Mzee Shekiondo, alikuwa mwadhini wa msikiti mdogo wa mtaani kwetu, hapahapa Korogwe. Alikuwa na saa ya mkono ya kutia ufunguo, uso wake umegeuka rangi ya chai ya maziwa. Sasa ninyi mnajua mambo yetu na saa. Mshale mfupi ukikaa kwenye mbili, sisi tunasema saa nane. Ukikaa kwenye nane, tunasema saa mbili. Tumezoea kuruka ng'ambo bila hata kufikiri. Babu hakuyataka hayo. "Niandikiwe mbili nisome nane? Kwani mimi mwongo?" Basi kila jua likizama, akishaadhini magharibi, aliishika saa yake akaisimamisha mishale yote miwili kwenye kumi na mbili. Ukiitazama saa ya babu, kilichoandikwa ndicho kilichopo.

Alikuwa na mabinti wawili. Mkubwa ni mama mkubwa Mwantumu, aliyeolewa Mombo. Mdogo ni Salha, mama yangu mzazi, aliyebaki hapa. Babu alipougua, Salha ndiye aliyemuuguza, na mzee akamvisha saa ile ili ashike wakati wa dawa. Alipoona safari imekaribia, alimwita imamu, akasema mbele ya wote, "Saa hii nimempa Salha."

Mwantumu alikuwapo, na alisikia. Lakini neno lisilosemwa haliendi popote, hukaa kooni.

Msibani, wanawake wakilia, jicho lake lilikuwa kwenye mkono wa mdogo wake. Salha akiinua mkono kupangusa machozi, Mwantumu aliona saa, hakuona machozi. Akarudi Mombo. Akikoroga uji, anasikia ti, ti, ti, na saa yenyewe iko Korogwe.

"Mimi ndiye mtoto wa kwanza," akamwambia mumewe. "Huyo amekuja duniani akanikuta."

"Si saa tu, mke wangu?"

"Ungenyimwa wewe, ungesema si saa tu?"

Huku kwetu, Salha naye alikuwa na lake. Kioo cha saa kilikuwa na mikwaruzo na kiza. Fundi Mbaruku wa sokoni alimwambia, "Nitakuwekea kioo kipya na uso mpya, hivi vya zamani tutavitupa. Itang'aa kama imetoka dukani." Akatokea pia Bwana Abeid wa Tanga, mpenzi wa vitu vya kale, akataka kuinunua vilevile ilivyo. Na Salha alikuwa akitamani cherehani kwa miaka. Angekuwa nayo, angeshona nguo za watu akalisha wanawe. Aitengeneze? Aiuze? Au aiweke hivyohivyo, nayo inakaribia kutosomeka? Akaona amsubiri dada yake aje kwenye khitma ya arobaini, wazungumze.

Mwantumu akaja. Asubuhi yake, chai ikiwa bado jikoni, akasema, "Hebu tuione hiyo saa ya watu." Akaitazama, akacheka kicheko cha puani. "Saa nane na nusu! Na chai hatujanywa! Mdogo wangu, saa hii imekufa pamoja na mwenyewe."

Salha naye akacheka. Alidhani dada yake anatania. Nani katika nyumba ile asiyeijua saa ya baba?

"Nishauri basi, dada. Niitengeneze?"

"Kutengeneza hiyo ni kumpaka maiti wanja."

"Niiweke?"

"Ufuge kutu? Iuze, mdogo wangu. Nunua cherehani yako. Nakwambia kwa kuwa nakupenda."

Kijicho kikijifunga kanga ya mapenzi, hata mwenyewe hakitambui. Mwantumu alijiona kweli anampenda mdogo wake. Lakini alichokitaka ni kimoja tu: mkono ule ubaki mtupu. Saa iende Tanga, iende popote, ivaliwe na mtu asiyemjua. Salha akamtii, maana mkubwa ni mkubwa. Akamtumia Bwana Abeid salamu aje Ijumaa jioni.

Akaja, akakaribishwa kiti barazani, akapewa kahawa. Salha akaivua saa. Mkono wake ulikuwa na alama nyeupe pale ilipokaa. Bwana Abeid akaigeuza, akaisikiliza sikioni, akatabasamu kama mtu aliyeonyeshwa mtoto. "Mama," akasema, "kwa hii, cherehani utaipata, na nzuri."

Neno hilo likamchoma Mwantumu. Alikuwa ameshaizoea saa kuondoka. Sasa cherehani nayo ikaanza kumuuma. Akaona kwa macho ya moyo mdogo wake ameketi mlangoni anashona, wateja wamepanga foleni. Akashindwa kuvumilia.

"Bwana Abeid, mimi sipendi mtu adanganywe. Saa hiyo ni mbovu. Itazame mwenyewe. Inasema saa sita! Saa sita ya wapi, na kuku wanaingia bandani?"

Hajafunga mdomo, adhana ikaanza.

Salha akamgeukia. "Dada, kumbe hutanii?"

"Nitanie nini?"

"Nisomee saa. Usiruke. Soma kilichoandikwa."

"Si mishale yote iko juu, kumi na mbili."

"Na huko msikitini wanaadhini nini?"

"Wewe Salha, unanifanya mtoto? Magharibi."

"Magharibi ni saa ngapi?"

Mwantumu akaitazama tena saa. Adhana ikaendelea mpaka mwisho.

"Kumi na mbili," akasema, kwa sauti ndogo.

"Mimi saa hii nimeijua juzi tu, baba alipoumwa," Salha akamwambia. "Wewe amekupakata nayo. Alinisimulia akiwa kitandani. Alisema ulijifunzia kuhesabu humu, moja hadi kumi na mbili, na saba ulikuwa unairuka kila siku. Akikurudisha, unalia. Mwisho ukachukua pini ya ushungi ukaichora saba juu ya kioo ili usiisahau tena. Mama alitaka kukuchapa, baba akakataa. Mkwaruzo huu hapa. Fundi anataka kuutupa, Bwana Abeid anataka kwenda nao, na wewe unaniambia niuze. Mimi nikawa najiuliza, hivi huyu dada hajioni humu?"

Bwana Abeid alikuwa mtu wa adabu. Akaiweka saa juu ya meza taratibu, akamalizia kahawa yake, akasema, "Saa hii haiuzwi," akaaga.

Mwantumu akaichukua. Akapitisha ukucha juu ya kioo, pale kwenye saba, ukakwama kidogo. Hapo ndipo alipomlilia baba yake. Msibani hakuwa amepata nafasi.

"Nimeitazama saa hii kuliko mtu yeyote," akasema. "Naitazama mchana, naiota usiku. Sikuisoma. Jicho la kijicho halisomi saa, mdogo wangu."

Kisha akapangusa uso kwa kanga. "Leo niachie mimi niitie ufunguo."

Salha akamwachia. Saa ikabaki ilivyo, na kiza chake na mkwaruzo wake. Cherehani haikununuliwa mwaka ule, wala uliofuata, na mama alifua nguo za watu badala ya kuzishona. Sijamsikia hata siku moja akijutia. Na msidhani kijicho kilimtoka mama mkubwa kwa siku moja. Kilirudi mara kwa mara, kama homa. Lakini kila kilipomjia alijisemea mwenyewe maneno yale, kwa sauti, hata sokoni, mpaka watu wa mtaa wakayadaka wakayafanya yao.

Bibi akauweka ukili wake chini. Mshumaa ulikuwa umefika katikati, na juu ya kabati saa ikaendelea na kazi yake, ti, ti, ti.

"Basi ndivyo," akasema. "Jicho la kijicho halisomi saa."

Nilimtazama Kudra. Alikuwa anaangalia vile viatu mlangoni, vinavyong'aa hata kwa mshumaa. Akaviangalia kwa muda mrefu. Halafu macho yake yakatoka mlangoni, yakaja mkekani, yakatulia kwenye kisigino cha kaka yake, chekundu, kimevimba, ambacho hata mimi niliyevinunua viatu sikuwa nimekiona.

"Mama," akasema, "viatu vya Himidi vinambana."